Radi ya Ziwa na Mfuko wa Mbolea



Mkazi wa Mwanza hahitaji kufundishwa radi ni kitu gani. Msimu wa mvua, ukisimama Kirumba usiku, unaona anga ya ziwa ikimulika hadi karibu na alfajiri. Tunaiogopa, na ni haki yetu, maana radi huua. Lakini radi hiyo hiyo hutengeneza mbolea.

Katika kila sehemu 100 za hewa tuvutayo, 78 ni naitrojeni, chakula cha mahindi na pamba. Tatizo ni kwamba chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu nyingi, na mmea peke yake hauwezi kuzitenganisha. Radi huzitenganisha, zikaungana na oksijeni, mvua ikaziteremsha shambani.

Mwaka 1903 Wanorwei wawili, Kristian Birkeland na Sam Eyde, waliiga radi. Walipitisha hewa katika moto wa umeme, hali ambayo wataalamu huiita plazima. Gesi iliyotoka wakaichanganya na maji, kisha na chokaa. Mwaka 1905 kiwanda kilianza kazi mjini Notodden. Kampuni iliyoundwa mwaka huo ndiyo iliyozaa Yara, ambayo mifuko yake tunaiona madukani. Lakini njia yenyewe ilikufa. Ilikula umeme mno, na njia ya Wajerumani Haber na Bosch ikawa nafuu.

Leo watafiti wanaifufua kwa mitambo midogo: hewa, maji na umeme, mbolea ikapatikana kando ya shamba. Tukikumbuka bei zilivyopaa hadi Serikali ikaanza kutoa ruzuku mwaka 2022, nani asingetamani mtambo kama huo Magu au Sengerema?

Nami natamani. Ila akija mwuzaji, tumwulize kwanza: kilo moja ya naitrojeni inakula yuniti ngapi? Maana hadi sasa mitambo hiyo hula umeme kuliko viwanda vikubwa. Pili: maji hayo ya mbolea yakitiririka ziwani, nani atang'oa magugumaji?

Tukisubiri majibu, tuvuke hadi kisiwa cha Ukara. Huko wazee walipanda marejea katikati ya uwele, wakalisha ng'ombe zizini ili wapate samadi. Mizizi ya marejea hunasa naitrojeni ya hewani bila waya wala bili. Akili ya Norwei tuipokee, lakini ya Ukara tusiizike.