SUKARI, INSULINI NA KIHARUSI: MAMBO AMBAYO MFANYAKAZI HANA BUDI KUYAJUA

(Hotuba ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wa Voi. Tumeichapa kwa ajili ya ndugu wa Mwatate, Wundanyi na Taveta ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara, ingawa neno hilo halijesha. Tumekuja kusema habari za mwili, kwa kuwa mwili ndio mtaji wa mfanyakazi. Panga likivunjika, tajiri hununua jingine. Mkono ukipooza, hakuna duka unapouzwa mwingine.

Twataka kueleza vitu vitatu vinavyoshikana: sukari iliyo katika damu, dawa iitwayo insulini, na ugonjwa wa kiharusi. Tena twataka kuonyesha kwamba mambo haya si ya madaktari peke yao. Yahusu kazi yetu, na hata haki yetu ya kubaki kazini.

SUKARI NI KUNI ZA MWILI

Chakula tulacho, hasa ugali, viazi, ndizi na chai ya sukari, hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Hiyo ndiyo kuni za mwili. Lakini kuni zikikaa uani hazipiki kitu, mpaka ziingizwe jikoni. Mwenye kuziingiza katika sehemu nyingi za mwili ni insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Insulini ikikosekana, au mwili ukiacha kuitii, sukari hujaa katika damu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Zamani mtoto aliyekosa insulini alikufa tu, hapakuwa na njia. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za mbwa. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kudungwa dawa hiyo, naye akapata nafuu. Wavumbuzi waliiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, ili dawa isiwe mali ya mtu mmoja. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 imepita, na bado wako wenzetu wanaohesabu senti kabla ya kununua chupa moja.

KIHARUSI NI NINI?

Watu wengine husema mtu wa kiharusi amerogwa, au amepigwa na upepo mbaya. Sivyo. Kiharusi ni ajali ya mishipa ya damu ya ubongo, nacho ni cha namna mbili. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, mshipa huziba kwa damu iliyoganda. Namna ya pili, mshipa hupasuka na damu huvuja ndani ya kichwa.

Presha ya damu ndiyo adui mkubwa kuliko wote hapa. Lakini sukari iliyozidi kwa miaka mingi nayo huiharibu mishipa, hata hatari ya kiharusi kwa mwenye kisukari hukaribia kuwa mara mbili ya mtu mwingine. Mwaka 2015 Kenya ilifanya uchunguzi wa nchi nzima. Ilionekana kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu. Karibu watu tisa katika kumi hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Basi katika mkutano huu, hapana shaka wako walio na ugonjwa na hawana habari.

JE, INSULINI NYINGI YAFAA?

Mtu apatapo kiharusi, mara nyingi sukari yake hupanda, hata kama hakuwa na kisukari, kwa sababu mwili ulioshtuka huimwaga sukari ya akiba katika damu. Tena madaktari waliona kwamba wagonjwa wenye sukari ya juu hupona kwa shida zaidi. Basi wakajiuliza: je, tukiishusha sukari kwa nguvu, kwa dripu ya insulini, wagonjwa hawatapona upesi?

Wazo hilo lilikuwa na akili ndani yake, lakini wazo si ushahidi. Huko Uingereza walijaribu kwa wagonjwa 933, wakatoa habari mwaka 2007, haikuonekana faida. Kisha huko Marekani wakafanya jaribio kubwa zaidi, lililoitwa SHINE, na habari zake zikatolewa mwaka 2019. Wagonjwa walikuwa 1,151, katika hospitali 63. Nusu walishushwa sukari kwa nguvu, nusu walitunzwa kwa kiasi. Baada ya siku 90, waliopata nafuu njema katika kundi la kwanza walikuwa kama 20 katika mia, na katika kundi la pili kama 21. Yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini katika kundi la kushushwa kwa nguvu, wagonjwa karibu watatu katika kila mia walishuka sukari vibaya sana. Katika kundi la pili, hakuna hata mmoja.

Kwa nini kushuka ni hatari? Kwa sababu ubongo huishi kwa sukari, nao hauna ghala la kuiweka akiba. Sukari ikikatika, ubongo hupata njaa mara moja. Kwa hiyo madaktari wengi siku hizi huishika sukari ya mgonjwa wa kiharusi katikati, kati ya 7.8 na 10 kwa kipimo kilicho katika mashine zetu. Ikishuka chini ya 3.3 huipandisha upesi. Dawa ni ile ile. Kilicho tofauti ni kipimo.

Fundisho letu ni hili: mwenzako akianguka, usimdunge insulini ati kwa sababu wajua ana sukari. Huenda imeshuka, nawe ukammaliza.

ALIYELEWA NA ASIYELEWA

Hapa ndipo jambo hili linapoingia kazini kwetu. Mtu anayetumia insulini, akichelewa kula au akifanya kazi nzito kupita kawaida, sukari yake yaweza kushuka. Hutoka jasho, hutetemeka, husema maneno yasiyoeleweka, hupepesuka, huwa mkali bila sababu. Mara nyingine upande mmoja wa mwili hulegea, kama mwenye kiharusi kabisa. Ndiyo sababu hospitalini, kabla ya kumpa mtu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwanza humtoboa kidole na kupima sukari.

Sasa mnyapara akimwona mtu huyo katika mkonge saa tano ya mchana, atasema nini? Atasema amelewa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mtu aliyelewa kazini hata hawezi kazi yake. Basi mgonjwa aweza kupoteza mkate wake kwa ugonjwa wake.

Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema mfanyakazi lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, naye asikilizwe kabla hajafukuzwa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama. Wajumbe, shikeni hapo. Neno lenu la kwanza liwe: «Je, amepimwa sukari?» Kidonda cha sindano kidoleni ni kidogo kuliko barua ya kufukuzwa.

MWENZAKO AKIANGUKA

Tazameni mambo matatu: uso umepinda? mkono mmoja umelegea? maneno yamepotea? Hata moja likiwapo, msingoje kesho.

Kwanza, andikeni saa aliyoonekana mara ya mwisho akiwa mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya muda wa masaa manne na nusu, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Kutoka Taveta mpaka Voi ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Voi mpaka Mombasa ni kama kilomita 150. Mwaona jinsi masaa hayo yanavyokwisha njiani. Anayelazwa kwanza nyumbani «apumzike kidogo» amekwisha kunyang'anywa nafasi yake.

Pili, ikiwa mashine ya sukari ipo, mpimeni. Ikiwa sukari ni chini ya 3.9, au ikiwa anatumia insulini na anatoka jasho na kutetemeka, naye ana fahamu na aweza kumeza vizuri, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Hata akipata nafuu, afike kwa daktari.

Tatu, ikiwa hana fahamu, au mdomo umepinda na kumeza ni shida, msimtie kitu chochote kinywani: si maji, si chai, si dawa ya miti shamba, wala si aspirini. Mlazeni ubavu, mpelekeni hospitali.

INSULINI NA JOTO LETU

Voi ni mahali pa joto, na si kila nyumba ina friji. Wako walioacha dawa kwa kudhani imeharibika. Habari njema zimetoka hapa hapa Kenya. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa majibu ya uchunguzi wao, waliouanzia kambi ya Dagahaley, Dadaab. Insulini iliyokaa wiki nne katika joto la kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu sawasawa na ile ya friji. Basi usiache dawa kwa kukosa friji. Iweke katika chungu cha udongo chenye ubaridi, mbali na jua na maji yasiifikie, na muulize muuguzi siku za aina yako. Dereva asiiache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani.

MAOMBI YA KAMATI

Kamati yaomba mkutano ukubali mambo manne, ili tuyapeleke kwa waajiri.

1. Kila mahali pa kazi pawe na mashine ya kupima sukari na ya kupima presha, na mtu aliyefundishwa kuzitumia. Kifungu cha 34 chamtaka mwajiri atoe dawa za kufaa kwa mfanyakazi mgonjwa.

2. Anayetumia insulini apewe nafasi ya kula kwa saa yake, bila kukatwa mshahara.

3. Gari la kupeleka wagonjwa lijulikane kabla ya ajali, usiku na mchana.

4. Siku za ugonjwa ziongezwe katika mkataba wa pamoja. Sheria yatoa siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Mtu wa kiharusi hawezi hata kujifunza kutembea upya kwa siku hizo.

Nanyi wanachama mna wajibu wenu. Tangu Oktoba 2024 twakatwa shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Hakikisheni makato hayo yanafika, wala yasiishie katika karatasi ya mshahara. Na kabla mwezi huu haujesha, kila mmoja akapimwe sukari na presha, mwenye nguvu na asiye na nguvu. Anayejiona mzima ndiye tunayemwogopea zaidi.

Sasa ulizeni maswali.

Kamati ya Tawi