Uso wa Mwanasesere

Sufu umenunua Kariakoo, mwanasesere umemfuma. Sasa yabaki uso. Usimshonee vifungo wala shanga kuwa macho. Mtoto mdogo huving'oa kwa meno, na kimoja kikimkwama kooni chaweza kumwua. Macho yatarizi kwa uzi mweusi.

Kwanza chomeka pini mbili, kisha umtazame kwa mbali. Macho yakiwa chini na yakitengana, sura ni ya mtoto; yakiwa juu na yakikaribiana, ni ya mtu mzima. Nyusi nazo husema: ncha za ndani zikishuka, amekasirika, zikipanda, ana huzuni. Mdomo ukipinda juu pembeni, acheka.

Mwisho, chomoa pini, uzihesabu, ndipo umpe mtoto. Kwaheri.