Uliniambia Hakuna Uchungu

Leo nitataja neno ambalo halitajwi sana mimbarini. Nitazungumza juu ya kansa ya matiti, na hasa ile picha wanayopigwa akina mama ili kuitafuta mapema, na uchungu wa picha hiyo. Wababa, msiondoke karibu na redio. Huyo anayepimwa ni mke wako, ama dada yako, ama mama aliyekunyonyesha.

Nianze kwa kuungama. Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, sisi wanawake wa ushirika wetu tulipanga kwenda hospitali pamoja kupimwa. Jumapili iliyotangulia, mama mmoja wa kwaya, mwenye miaka 52, alinivuta kando baada ya ibada akaniuliza, "Mama Mchungaji, inauma?" Nikamjibu upesi, "La, hakuna uchungu wowote. Ni picha tu." Nilisema hivyo kwa nia njema. Niliogopa kwamba nikimwambia kweli atabaki nyumbani.

Akaenda. Alipotoka katika chumba kile alikuwa ameshika leso yake kifuani kwa mikono miwili, wala hakunitazama. Njiani kurudi wengine waliimba, yeye hakuimba. Siku chache baadaye hospitali ilimwandikia barua arudi kwa picha nyingine, kwa sababu sehemu moja haikuonekana vizuri. Hakurudi. Nami sikujua habari hiyo mpaka miezi minane ilipopita, nilipomtembelea kwake, akafungua Biblia yake na kunionyesha ile barua imekunjwa ndani. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Uliniambia hakuna uchungu. Basi nilipoumia nilifikiri kuna kitu kinaharibika ndani yangu. Waliponiita tena nikasema, kama la kwanza halikuwa kweli, la pili nitamwamini nani?"

Ndugu zangu, mnamkumbuka Petro. Bwana Yesu alipowaeleza wanafunzi wazi kwamba atakwenda Yerusalemu, na huko atateswa, Petro alimchukua kando akamkataza kusema hivyo. Alitaka mambo hayo yasimpate Bwana wake. Alisema kwa upendo, kama mimi. Nanyi mnajua jinsi alivyokemewa, na kwa maneno makali. Zamani nilikuwa nikimhurumia Petro niliposoma sura hiyo ya 16 ya Mathayo. Tangu siku ya ile barua nimeelewa. Mtu anayekwenda mahali penye maumivu hasaidiwi na rafiki anayemwambia hayapo.

Kwa hiyo nitawaambia leo yale niliyopaswa kumwambia yeye.

Utaombwa kuvua nguo za juu. Ukiona haya, uliza kama yuko mwanamke wa kukuhudumia. Utasimama mbele ya mashine, na mpiga picha ataliweka titi lako juu ya ubao bapa. Ubao mwingine wa plastiki utashuka kutoka juu na kulibana. Halafu mashine itageuzwa, utabanwa tena kwa ubavuni. Kwa kawaida ni picha mbili kwa kila titi, yaani nne. Kila kubanwa ni kwa sekunde chache. Hesabu moja mpaka kumi polepole na mara nyingi utakuta umeachiliwa. Wako akina mama wasiosikia ila kubanwa tu. Wako wanaosikia uchungu mkali mpaka machozi. Wengine hubaki na maumivu siku moja ama mbili. Huko kubanwa hakuleti kansa, na uchungu huo si dalili kwamba unayo.

Lakini kwa nini kubana hivyo? Mimi mwenyewe nilidhani ni ukatili wa mashine, mpaka nilipofikiri juu ya mchele. Ukiulundika mchele katika ungo, jiwe halionekani. Ukiutandaza mwembamba, jiwe dogo kabisa linaonekana, na unaliondoa kabla halijavunja jino la mtu. Nyama za titi nazo zimelaliana. Zikitandazwa, uvimbe mdogo ambao mkono haujaweza kuushika huweza kuonekana, titi halitikisiki picha ikaharibika, na miali inayohitajika ni michache zaidi. Karibu mwaka 1949 daktari mmoja wa Uruguay, Raúl Leborgne, alisisitiza sana jambo hili la kubana, na mpaka leo ndivyo inavyofanywa. Sijui kama mke wake alimshukuru.

Yako mambo ya kupunguza maumivu. Kama bado unapata siku zako, usiende juma lile la kuzitangulia, wakati matiti yamejaa na kuuma. Nenda juma linalofuata baada ya kumaliza. Vaa sketi na blauzi, si gauni. Siku hiyo usipake poda wala manukato ya kwapani, kwa maana yanaweza kuonekana katika picha kama vidoadoa. Muulize daktari kama unaweza kumeza dawa ya maumivu kabla. Na zaidi ya yote, sema. Mwambie mpiga picha, "Mara ya kwanza niliumia," naye ataweza kushusha ubao polepole. Ukishindwa mwambie asimame. Si utovu wa adabu.

Ukiitwa tena, nenda. Wengi wanaoitwa tena hawakutwi na kansa. Na wewe ambaye tayari umeshika uvimbe kwa mkono wako, ama chuchu imeingia ndani, ama inatoa damu, usingoje Oktoba wala safari ya ushirika. Nenda juma hili, hata kama una miaka 25. Hapa Kenya kansa ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake, na wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea.

Nakumbuka pia yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12. Marko hafichi kwamba aliteseka sana mikononi mwa waganga wengi. Bwana alikuwa na haraka siku ile, mtoto wa Yairo alikuwa anakufa. Hata hivyo alisimama njiani, akangoja mpaka mama yule akaja akitetemeka na kusema yote. Hakumwambia anyamaze kwa kuwa amekwisha pona.

Mama wa kwaya nilimwomba msamaha. Juma lililofuata tulikwenda wawili. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, naye ndani akasema habari ya uchungu wake bila haya, maana nilisikia sauti yake. Kulimuuma tena, ila alijua kwa nini. Waliona uvimbe, wakachukua kipande kwa sindano, na majibu yakaja kuwa ni kansa. Akafanyiwa upasuaji na matibabu mengine marefu. Yu hai, na amenipa ruhusa kusimulia haya mradi nisitaje jina lake. Mkono wake wa kushoto huvimba, kwa hiyo kitabu cha nyimbo humshikia jirani yake. Ile miezi minane ilibadili nini, daktari hakusema, nami sikuthubutu kumwuliza. Hata leo sijauliza.

Natuombe. Ee Bwana, tunakuletea mama aliyeficha barua ndani ya Biblia yake, na yule ambaye tarehe yake ni juma hili. Uwe pamoja naye mle chumbani anapohesabu mpaka kumi. Uwape subira wale wanaoshika mashine. Nasi tunaobaki kwenye benchi, utupe ujasiri wa kusema kweli tunapoulizwa. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.