Mpaka uko hapa hapa kwetu

Mkienda chuo mkasoma sayansi ya jamii, mtafundishwa mipaka ya Ulaya. Sawa, someni. Lakini mstari waliouchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwakata Wadigo: shangazi yuko Lunga Lunga, mjomba Horohoro. Wamakonde wa Kwale, wazee wao walitoka Msumbiji, walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016, ndio wakatambuliwa. Wapemba, wavuvi wetu hawa, wakangoja hadi 2023. Bila kitambulisho hata laini ya simu ni ya jina la mtu. Sasa haya nani atayaandika, mgeni? Nendeni Shimoni, Vanga, mkae na wazee. Na mbebe daftari, si simu tu.