Tenisi Wakati wa Masika

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mchezo wa tenisi, na jinsi ya kuufanyia mazoezi wakati wa mvua bila kutumia fedha nyingi.

Nazungumza habari za Masaki ya Kisarawe, kwenye mihogo na mikorosho. Mtu akisikia "tenisi" na "Masaki" pamoja, hufikiri ile Masaki ya Dar es Salaam yenye nyumba za fahari. Sivyo. Kiwanja chetu ni cha udongo. Tulikifyeka wenyewe, tukachora mistari kwa majivu. Mwezi wa Machi masika yakianza, huwa tope mpaka Mei.

Masika ya mwaka jana nilifanya kosa. Niliwaambia wanafunzi wangu waendelee kucheza kwenye manyunyu. Sasa sikilizeni: mpira wa tenisi umevikwa kitambaa chenye manyoya, na manyoya hayo hunywa maji. Mpira mkavu una uzito wa gramu 56 hadi 59 hivi. Ukilowa huwa mzito, hauruki vizuri, na huweza kumwumiza mchezaji kifundo cha mkono. Mipira yetu sita ililowa. Nikaianika karibu na jiko, ikaharibika yote.

Mipira ile ilinunuliwa kwa mchango wa darasa. Mweka hazina wetu ni mama mmoja wa makamo, mkulima, aliyejifunza kusoma hapo hapo darasani. Alifungua daftari lake akatusomea fedha zilizotoka, pole pole, neno kwa neno. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, fedha hizi zingenunua unga kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Watu wawili wakaacha mchezo, na mmoja wao akaacha na kusoma pia. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka huu tumehamia ukutani. Msidhani ni jambo la kujifariji maskini. Evonne Goolagong wa Australia, alipokuwa mtoto katika mji mdogo wa Barellan, alipiga mpira ukutani kwa ubao wa sanduku la matunda. Akaja kushinda Wimbledon, yaani mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1971, na tena mwaka 1980. Ana Ivanovic wa Serbia naye alikulia mji wa Belgrade, ambako wakati wa baridi hapachezeki nje. Yeye na wenzake walifanyia mazoezi ndani ya bwawa la kuogelea lililokaushwa maji. Nafasi ilikuwa finyu, ikawabidi wapige mpira moja kwa moja, si wa kukata kiwanja. Mwaka 2008 alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa.

Basi, tafuta ukuta wa matofali ya saruji wenye baraza iliyoezekwa. Usipige mpira kwenye ukuta wa udongo. Utaubomoa, nawe utadaiwa. Hata ukuta wa saruji, mwombe mwenyewe kwanza. Sisi tulipewa baraza ya ghala la korosho, kwa kuwa masika yakifika korosho zimekwisha kuuzwa na ghala ni tupu.

Wavu wa tenisi una kimo cha futi 3 katikati. Pima futi 3 kutoka sakafuni, uchore mstari kwa mkaa. Mpira ukigonga chini ya mstari, hesabu kwamba umenasa wavuni. Simama hatua tano kutoka ukutani. Piga taratibu, uache mpira udunde mara moja, kisha upige tena. Wanaume wengi hupiga kwa nguvu ili waonekane, na hawafikishi mapigo matano.

Raketi tunazo mbili tu. Wengine hutumia mbao zilizochongwa na seremala. Raketi yenye nyuzi za utumbo wa ng'ombe usiiweke penye unyevu, maana nyuzi zitaharibika. Za nailoni huvumilia zaidi.

Mipira, nunueni iliyotumika. Mpira mpya ukiangushwa kutoka inchi 100 kwenye sakafu ngumu hurudi juu inchi 53 hadi 58. Chukueni utepe wa fundi mpime kabla ya kulipa. Ukirudi inchi 40 bado wafaa kwa ukutani. Kwa anayeanza nausifu hata kuliko mpya, kwa sababu haumkimbii.

Kila mtu huandika hesabu ya mapigo yake katika daftari, pamoja na tarehe. Mweka hazina wetu siku ya kwanza aliandika 7. Juma lililopita aliandika 31, akaipigia mstari chini. Katika ukurasa wa matumizi ya masika haya ameandika mistari miwili tu: "seremala" na "mipira mikuukuu".

Yule aliyeacha kusoma bado hajarudi darasani. Juzi mvua ilimkuta njiani, akajikinga barazani kwetu, akasimama kutazama. Mama yule akampa ubao. Alipiga mara nne, akacheka, akaomba daftari aandike.

Katika kipindi kijacho nitawaeleza jinsi ya kusuka wavu kwa kamba za katani. Tayarisheni kamba na kisu. Kwa herini.