Injili Tunayoiamini na Injili Anayoisema Jirani



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazee wetu na mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia. Ramadhan ni mwezi wa Qur'an, hilo halina mjadala. Lakini wangapi wanakumbuka kuwa ni mwezi wa Injili pia? Katika hadithi iliyomo kwenye Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Wathila bin Al-Asqa' (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa Suhufi za Ibrahim, Taurati, Injili na Qur'an zote ziliteremshwa Ramadhan, na Injili ilikuwa zilipopita siku 13. Kwa hivyo kijana anayeidharau Injili kwa jina lake tu, ajiangalie. Kuamini vitabu ni nguzo ya imani.

Sasa, Injili ipi? Hapa ndipo tunapokosana na watu bure.

Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya dini imekuwa mingi katika Afrika Mashariki. Utamsikia kijana wetu anauliza kwa sauti: "Nionyeshe Injili aliyopewa Isa! Hii ni ya Mathayo, hii ya Luka!" Takbir zinapigwa. Mkristo ananyamaza, nasi tunasema ameshindwa. Jamani, mara nyingi hakushindwa. Hakulielewa swali, kwa sababu yeye hadai kwamba Yesu aliteremshiwa kitabu.

Kwake yeye, Injili ni habari njema. Neno lenyewe ni la Kigiriki, euangelion, na Zamakhshari katika tafsiri yake alishasema kuwa Injili si neno la Kiarabu kwa asili. Habari hiyo Mkristo huitafuta nyuma kabisa, katika Taurati na vitabu vya Manabii. Paulo anawaandikia Warumi, mwanzo kabisa wa barua, kwamba Injili iliahidiwa zamani kupitia manabii. Kwa Wagalatia, sura ya 3, anasema Ibrahim alihubiriwa habari hiyo mapema, pale alipoahidiwa kuwa mataifa yote yatabarikiwa kwake. Na Luka, sura ya 4, anasimulia Yesu akiingia sinagogi la Nazareti, akapewa kitabu cha Isaya, akasoma mahali panapotaja kuwapelekea maskini habari njema, kisha akasema andiko hilo limetimia siku ile. Zile nne za Mathayo, Marko, Luka na Yohana, kwake ni masimulizi manne ya habari moja.

Sisi je? Qur'an katika Al-Maida aya ya 46 inasema Isa (A.S.) alipewa Injili, ndani yake mna uongofu na nuru, nayo inaisadikisha Taurati. Ni wahyi kutoka kwa Allah (S.W.T.). Na bishara pia tunayo! Someni As-Saff aya ya 6: Isa mwenyewe anawabashiria Bani Israili Mtume atakayekuja baada yake, jina lake Ahmad. Kwa hivyo wote wawili tunasema Isa alileta habari njema. Tunachogombania ni habari gani. Mkristo atakwambia ni kifo cha msalabani na kufufuka, kama Paulo alivyowafupishia Wakorintho katika barua ya kwanza, sura ya 15. Sisi An-Nisaa aya ya 157 imetukatia shauri: hawakumuua wala hawakumsulubu. Hapo ndipo penye tofauti. Semeni hapo, wacheni kupigania majalada.

Na msidhani mazungumzo haya yameanza juzi. Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Mueddin, mtu wa Barawa. Kadhi! Hakuritadi, wala hakumpiga mtu. Kisa cha Adam na cha Ibrahim alikuwa akikijua kwake. Mwaka 1846 Krapf akahamia Rabai, kwa ndugu zetu Wamijikenda.

Leo hapa Matuga, kuanzia Ngombeni hadi Tiwi na kupanda Shimba Hills, tunaishi na Wakristo. Wengine ni walimu wa watoto wetu, wengine ni wakwe, wengine (tusifichane) ni watoto wa mama mmoja na sisi. Kuna nyumba futari hailiwi pamoja kwa sababu ya maneno yaliyotupwa na mtu ambaye hata Luka hajamfungua. Al-Ankabut aya ya 46 imetukataza kujadiliana na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora, isipokuwa na wale waliodhulumu. Shemeji yako aliyekuletea tende amekudhulumu nini?

Wiki hii someni Suratu Maryam yote, pamoja na tafsiri. Kisha muulize huyo shemeji akuonyeshe Isaya 61, umsikilize mpaka amalize. Halafu nawe umsomee aya ya As-Saff.

Maswali tutayapokea baada ya tarawehe, akina mama waandike kwenye karatasi.

Wabillahi tawfiq.