Neno la Mungu na Sanduku la Akiba
(Hotuba ya Kamati ya Sala katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)

 

Wenzetu wa hesabu wameshaeleza habari za hisa na mikopo, hatutarudia. Sisi tumeombwa tuseme machache juu ya tafakari ya kila siku.

Kawaida yetu mnaifahamu. Tulio sokoni tunakutana saa 12 na nusu asubuhi kabla ya kupanga meza, na Jumamosi tunasoma wote kabla sanduku halijafunguliwa. Ni dakika kumi tu. Mmoja anasoma, mwingine anasema neno, tunanyamaza kidogo, basi. Asiye Mkatoliki hashurutishwi. Wapo wanaokaa nasi, na wapo wanaofika dakika ya kumi na moja, wala hawaandikiwi faini.

Tunafuata kalenda ya Kanisa kwa sababu haituachii tuchague wenyewe. Masomo ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Siku za juma, katika kipindi cha kawaida, somo la kwanza lina mwaka wa witiri na wa shufwa, na Injili hurudi kila mwaka. Jamani, mtu akiachiwa achague, mwenye kudai ataleta somo la kulipa madeni, na mwenye kudaiwa ataleta la kusamehe!

Chukueni habari ya mjane na senti zake mbili. Tunaisoma kwa Luka Jumatatu ya juma la 34, na kwa Marko Jumapili ya 32 ya Mwaka B. Akina mama tumehubiriwa sana habari hii kila panapotakiwa mchango: mjane alitoa vyote, nawe toa. Lakini fungua Marko sura ya 12 uanze aya ya 38, siyo ya 41. Kabla tu mjane hajaingia, Yesu anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu ili waonekane. Ndipo anapoketi kulielekea sanduku la hazina. Kwa maoni yetu haifai kumsifu mjane na kunyamaza juu ya waliomla. Baba Paroko yupo hapa, atusahihishe.

Jambo hili halikubaki maneno matupu. Katika mwaka wetu wa nne mwenzetu mmoja alifiwa na mume akiwa na mkopo, na marejesho yakasimama miezi mitatu. Dhamana yake ilikuwa cherehani. Wengine wetu walisema sheria ni sheria, fedha ni za watu, ichukuliwe. Wengine wakasema deni lifutwe lote liwe sadaka. Mkutano ukachafuka kabisa. Hapo, kwa mara moja, kalenda iliwekwa kando, na mama mmoja mzee akaomba isomwe 2 Wafalme sura ya 4, aya saba za kwanza.

Mjane anamlilia Elisha: mume amekufa, na mwenye kumdai anakuja kuwatwaa wanawe wawili wawe watumwa. Nabii hamwambii deni limefutwa, wala hamwambii awatoe watoto. Anamwuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Basi anatumwa kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Vyombo vinajaa mafuta, anauza, analipa deni, na kinachobaki anaishi nacho pamoja na wanawe. Angalieni vizuri: majirani hawakutoa mafuta hata tone. Walitoa vyombo vitupu.

Nasi tukauliza, huyu wetu ana nini nyumbani? Ana cherehani. Sasa ikichukuliwa, atalipa na nini? Tukasimamisha riba, tukamwongezea muda. Na kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kila mwenye mtoto akapeleka kitambaa cha sare kwake. Baada ya miezi 14 alimaliza shilingi ya mwisho. Yumo humu ukumbini, ametukubalia tuseme ila tusimtaje jina. Tangu siku hiyo katiba yetu inasema chombo cha kazi hakishikwi.

Na watakatifu je? Mtakatifu Monika, 27 Agosti, hahitaji maelezo kwa mama yeyote aliyemlilia mwanawe. Mtakatifu Laurenti, 10 Agosti, tumemkabidhi mweka hazina wetu. Alikuwa shemasi wa Roma, akauawa mwaka 258 wakati wa Kaisari Valeriani. Mapokeo yanasema alipodaiwa hazina ya Kanisa aliigawa kwa maskini, kisha akawaleta maskini wenyewe: hazina ndiyo hii.

Lakini anayetugusa zaidi ni Mtakatifu Yosefina Bakhita, 8 Februari. Alizaliwa Darfur, Sudan, mnamo 1869. Aliibiwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena hata akasahau jina alilopewa na wazazi. Hilo la Bakhita, maana yake mwenye bahati, alipewa na waliomteka. Alipelekwa Italia mwaka 1885, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venice ikaamua kwamba yu huru. Akabatizwa mwaka uliofuata, akawa mtawa, akafariki Schio mwaka 1947. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na tangu 2015 sikukuu yake ni siku ya kuombea waliouzwa kama yeye. Siku hiyo, baada ya kusali, tunaulizana habari za mabinti zetu waliochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani, mjini na Arabuni. Nani amepiga simu? Nani yuko kimya, tangu lini? Aliyempeleka anaitwa nani? Tunaandika daftarini, na Jumamosi inayofuata tunauliza tena.

Tuna maombi mawili. Kalenda mpya inunuliwe kabla ya Majilio, maana mwaka wa Kanisa hausubiri Januari. Na akina mama wanaojificha kwa kusema hawajui kusoma, waje. Kusoma atasoma mwingine, wao watuambie wamesikia nini.

Zamu ya Jumatatu ni ya meza za nyanya.